Majina Nyuma ya Picha: Siku Sita Kutoka Nakuru Hadi Mumias na Kurudi

Nilirudi nyumbani wiki tatu zilizopita. Simulizi hii nimeiunga kutoka kwenye daftari dogo, risiti nilizokuwa nikizichomeka ndani yake, na picha mia mbili na kitu zilizo kwenye simu yangu. Kurasa za siku ya pili zililowa, kwa hiyo hapo nimetegemea kumbukumbu zaidi kuliko wino.

Chanzo cha safari ni sanduku la bati. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, nasi tulikulia kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru. Alipotuacha, tulikuta sandukuni barua za uhamisho, vyeti vya kazi na picha themanini hivi. Majirani zetu wa zamani nao wana masanduku yao, na wengi wao sasa ni wazee. Mwaka jana familia saba tulikubaliana kuvikusanya vitu hivi, kuvipiga skani na kuviweka mahali pamoja ambapo watoto wa mtaa watavipata.

Katika kupanga, picha moja ilinikwama moyoni. Wanaume kumi na mmoja wamesimama mbele ya garimoshi la mvuke. Baba ni wa pili kutoka kushoto, ameshika kofia kifuani. Nyuma, kwa penseli, pameandikwa "Kisumu 1963", basi. Mama alimtambua baba na mwenzake mmoja, akanirudishia picha. "Hao wengine waulize waliofanya kazi nao," akasema. "Na usikawie."

Jumapili, kabla ya kuondoka

Nilipanda Hyrax Hill, pale kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, kwa kuwa nilitaka kuona wenye kazi yao wanafanyaje. Ni mahali ambapo mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, na nyumba yenye makumbusho ilikuwa makazi ya mlowezi. Wengi huenda kuona mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani, nami niliyaona, nikatia vidole ndani yake. Lakini nilichoondoka nacho ni jambo la namba. Kigae cha chungu kikipewa namba, na namba hiyo ikaandikwa kitabuni pamoja na mahali kilipookotwa, basi kinasema kitu. Kikitenganishwa na kitabu chake, kinabaki kipande cha udongo. Usiku ule nilikaa na mama mezani, tukazipa picha zote themanini namba.

Siku ya 1, Jumatatu: Nakuru – Kisumu

Nauli shilingi 900. Nilifika steji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likajaa saa mbili. Salgaa tulipita vizuri, kisha karibu na Mau Summit tukasimama dakika arobaini nyuma ya lori lililokuwa limelala upande. Londiani Junction nilinunua mahindi ya kuchoma kwa shilingi 30.

Barabara na reli haziendi pamoja huku. Reli ya zamani inatoka Nakuru ikipanda Njoro na Molo, inafika Londiani, kisha inateremka Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion, halafu Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil, Kibos, hadi ziwani. Majina hayo nilikuwa nayo kwenye barua za uhamisho za baba, na nikiwa garini niliyasoma kwa mpangilio kama mtu anayesoma rozari. Miaka mitatu Londiani. Miezi minane Fort Ternan. Pale Muhoroni nilizaliwa mimi.

Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliona bahasha iliyokuwa mapajani mwangu, akauliza kama nakwenda kesini. Nikamwonyesha picha. Aliitazama kutoka Kericho mpaka tulipoanza kuona mashamba ya mpunga ya Ahero. Hakumjua hata mmoja. Lakini kanisani kwao, akasema, yuko mzee aliyekuwa fayamani, mchochea moto wa garimoshi, na tulipofika Nyamasaria alikuwa amekwisha kumpigia simu mara mbili. "Keshokutwa asubuhi atakuwa nyumbani," akaniambia. "Ukienda, mpelekee sukari na majani ya chai." Alishuka kabla sijauliza jina lake vizuri. Namba yake ninayo, na tangu nirudi tumezungumza.

Gesti karibu na Kondele, shilingi 1,500 pamoja na chai ya asubuhi.

*Kwa atakayefuata:* ukitafuta wazee wa reli, wa mgodi au wa kiwanda, anza na makanisa na vyama vya kuzikana kabla ya ofisi. Ofisi huwa na faili, lakini katibu wa chama cha kuzikana ndiye ajuaye nani bado yupo na nyumba yake iko wapi.

Siku ya 2, Jumanne: Kisumu

Asubuhi nilikwenda kusimama stesheni. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji wa reli. Jina la mke wa Mzungu mmoja limeandikwa katika kila kitabu cha reli. Wale waliobeba mataruma sikuyaona majina yao popote. Nilisimama pale nikaliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kutoka hapo nilikwenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Kuna boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ya nyachira, wa pili, ya reru, wa tatu, na simba, yaani nyumba ya kijana mkubwa. Kikundi cha wanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa kinapita, na mtoto mmoja akamweleza mwenzake kwamba kwa nyanya yake ghala linakaa upande mwingine, si pale. Mwalimu wake akamwita aseme kwa sauti wote wasikie. Nilimpenda sana mwalimu yule.

Mvua ilinikuta juu ya boda, saa tisa. Hii si mvua ya Nakuru inayokupa onyo. Mkoba wangu ulikuwa na zipu iliyochoka, na ndani mlikuwa na picha kumi na mbili halisi, si nakala. Nilizichukua kwa kuwa niliona wazee watashika karatasi kwa urahisi kuliko kutazama simu. Nilipofungua mkoba gesti, nne zilikuwa zimelowa. Mbili zilikuwa zimegandana uso kwa uso, na mojawapo ilikuwa ile ya garimoshi.

Nilianza kuzivuta. Pembe ikainuka kidogo, nikaona ngozi nyembamba nyeusi ikianza kubanduka, nikaacha hapo hapo. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mama mwenye gesti aliniletea beseni la plastiki, jipya, lililokuwa bado na karatasi ya bei, na maji safi ya baridi. Nilizizamisha zote mbili pamoja. Picha za zamani zina utando wa jelatini juu, na utando huo ndio unaokuwa gundi ukilowa kisha ukaanza kukauka. Ukirudishwa majini hulainika tena. Tulikaa, mimi na yeye, tukilitazama beseni kama watu wanaongoja uji uchemke. Baada ya robo saa hivi niliingiza kidole chini ya ukingo mmoja, na picha ikateleza peke yake, polepole, bila kelele. Kumi na mmoja wote walikuwapo. Baba na kofia yake.

Tulizilaza kwenye taulo safi, uso juu, dirisha wazi, bila jua. Asubuhi nilizigeuza. Ile nyingine iliandikwa nyuma kwa wino wa kalamu, na wino ulikuwa umetapakaa ukawa wingu la buluu ambalo hakuna atakayelisoma tena. Ile ya garimoshi iliandikwa kwa penseli. "Kisumu 1963" ilikuwa vile vile, kama iliyoandikwa juzi.

*Kwa atakayefuata:* acha picha halisi nyumbani. Chapisha nakala kubwa dukani, mimi hapa Nakuru natozwa shilingi 50 kwa moja, na wazee huona vizuri zaidi. Andika nyuma kwa penseli laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Picha zikilowa na huna nafasi ya kuzikausha ndani ya siku mbili, ziweke kwenye friza mpaka upate nafasi. Usitumie selotepu wala usizipeleke kupigwa laminesheni. Joto na gundi vikishaingia havitoki.

Siku ya 3, Jumatano: upande wa Kibos

Matatu 80, kisha boda 100 kupitia mashamba ya miwa. Mzee alikuwa ameketi chini ya mwembe, amevaa koti, amenyolewa. Mkewe alipokea sukari na majani ya chai, akaenda kuinjika maji papo hapo.

Nilimsalimu, nikajieleza mtoto wa nani. Alinyamaza, akanitazama usoni, kisha akasema kwa Kijaluo neno nililokuwa nikilisikia utotoni, *nyathina*, mwanangu. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Baba yako alikuwa na mluzi. Mluzi mmoja tu, asubuhi na jioni."

Kweli. Nilikuwa nimeusahau, na nilikuwa nao masikioni miaka yote.

Kabla ya kuwasha simu kurekodi nilimsomea karatasi ya idhini tuliyoiandika kama kikundi, mistari sita, kwa Kiswahili chepesi. Aliniuliza: "Sauti yangu mtaipeleka wapi?" Nikamwambia: itakaa katika diski mbili, moja Nakuru kwa mwenyekiti, nyingine kwangu, na nakala moja ataletewa yeye kwenye flashi. Nani ataisikiliza? Watoto wa landhi, na yeyote atakayeomba. Akafikiri. Akasema atanieleza kila kitu, hata habari za mgomo, lakini sehemu ya mgomo isisikilizwe na mtu mpaka yeye na wengine wawili aliowataja wawe wamekwisha kuzikwa. Niliandika sharti hilo, akaweka sahihi chini yake. Nimelitimiza: sehemu hiyo iko katika faili lake peke yake.

Kisha akaishika picha ya garimoshi. Hakuanza na nyuso. Alianza na tangi la maji lililo nyuma ya garimoshi, na mteremko wa mlima ulio nyuma ya tangi.

"Hii si Kisumu," akasema.

"Nyuma imeandikwa Kisumu, jaduong'," nikamwambia, yaani mzee.

"Aliyeandika aliandika mahali picha ilikotengenezwa. Studio zilikuwa Kisumu. Hapa ni Muhoroni. Hilo tangi nimelijaza mimi."

Kidole chake kikaanza kutembea kutoka kushoto. Alitaja jina, kabila la mtu, kazi yake, na tabia yake moja. Huyu gadi, hakuwa akila samaki. Huyu alikuja kutoka Voi, akaoa hapa, hakurudi. Huyu alikuwa akiwaandikia wenzake barua za nyumbani kwa senti hamsini. Sita aliwajua bila kusita. Pamoja na wawili wa mama, wakawa wanane. Alipofika kwa watatu waliobaki alirudia mara tatu, kisha akaniambia niende kwa mwenzake Kakamega, aliyekuwa gadi.

Tulikula ugali, omena na mchicha. Rekodi ni saa mbili na dakika kumi, na ndani yake kuna jogoo, trekta la miwa na mkewe akimsahihisha mara mbili. Sikufuta kitu.

*Kwa atakayefuata:* weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa. Meza ya mbao hupeleka kila mgongano kwenye kinasa sauti. Mwanzoni taja tarehe, mahali na nani yupo. Picha ikionyeshwa, sema namba yake kwa sauti, maana "huyu hapa" haina maana kwa mtu anayesikiliza miaka ishirini ijayo.

Siku ya 4, Alhamisi: Kisumu – Kakamega

Shilingi 250. Tulipanda kupitia Majengo na Mbale, tukapita Ilesi, ambako vyungu vimepangwa kando ya barabara karibu na lile Jiwe Linalolia, likiwa na michirizi yake ya maji.

Gadi mstaafu anaishi nje kidogo ya mji. Alikuwa ameshapigiwa simu na mwenzake wa Kibos, na kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa. Hapa huwezi kukataa. Nilikula firigisi walizoziweka mbele ya mgeni wa kiume aliyekuwa nami, dereva wa boda, akanigawia.

Aliitazama picha, akamtaja mmoja wa wale watatu mara moja. Kisha akapinga. Wa tano kutoka kushoto, akasema, si yule aliyetajwa Kibos. Ni mdogo wake. Walifanana, nao wote wawili walikuwa reli. Nikampigia mzee wa Kibos, wakazungumza kwenye spika kwa dakika ishirini, wakicheka, wakikumbushana, na hakuna aliyekubali. Nimeandika majina yote mawili, na pembeni ya kila moja nimeandika nani alisema na siku gani. Kuna mtu kikundini aliyetaka tuchague moja ili maelezo yawe safi. Nilikataa na bado nakataa. Siku moja atatokea mtoto wa mmoja wa ndugu hao, naye anastahili kukuta kwamba tulikuwa na shaka.

Mke wake alituacha tukizungumza, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani, katika kitambaa, mlikuwa na kipande, kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni, cha baba mkwe wake, aliyekuwa mchimbaji Rosterman, mgodi wa dhahabu ulioanza baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega mwaka 1931. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, na kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akalazimika kukibeba, wengi wakikivaa shingoni katika mkebe wa chuma, mpaka kilipoondolewa mwaka 1947. Nimesoma hayo mara nyingi. Sikuwahi kukishika. Karatasi imekunjwa mara nyingi hata mikunjo imekuwa matundu. Kuna alama za vidole, nyeusi, kubwa, za mtu aliyefanya kazi kwa mikono. Kuna safu ya mwajiri, siku ya kuanza, mshahara, siku ya kuachishwa, na sahihi ya mtu mwingine kila mstari. Jina lake mwenyewe limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti.

Stima ilipotea nilipochomeka skana. Tulikipeleka kipande mlangoni, kwenye mwanga wa jua lisilopiga moja kwa moja, nikakipiga picha kwa simu, mbele na nyuma, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila taa ya simu, rula ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Inasomeka. Pini ya chuma iliyokuwa imeshika kona ilikuwa imeliwa na kutu. Tuliitoa kwa uangalifu. Kopo na kitambaa vilibaki nao, na kipande pia. Hatuchukui kitu cha mtu. Tunachukua sura yake.

Siku ya 5, Ijumaa: Mumias na Matungu

Gari la shilingi 200, lililosimama kila baada ya hatua chache. Katika kituo cha utamaduni cha Nabongo, Matungu, ndiko yaliko makaburi ya watawala wa Wanga. Nabongo Mumia, yaani mfalme Mumia, aliyefariki 1949, aliwaona wafanyabiashara wa pwani, kisha wazungu, kisha maofisa wa serikali wakija kupiga kambi kwake Elureko. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipita huku mwaka 1883. Kijana aliyenitembeza alieleza haya yote kwa fahari, kisha akaniuliza kama najua jinsi ya kusafisha kanda za kaseti. Nyumbani kwao kuna sauti ya babu yake akisimulia, na kanda imeota ukungu. Nilimwambia asiicheze kamwe katika hali hiyo, ukungu utaingia mashineni na utepe utakwaruzika. Aitunze mahali pakavu mpaka nimtafutie fundi. Hilo ni deni langu.

Chakula: mrenda na ugali wa wimbi, shilingi 120, na sijala mrenda mzuri namna ile.

Siku ya 6, Jumamosi: kurudi kupitia Nandi

Kakamega, Chavakali, Kaimosi ambako Waquaker kutoka Marekani walianza misheni mwaka 1902, kisha Kapsabet. Nilikengeuka hadi Nandi Hills, kwenye kumbukumbu ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kuonana na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, akidhani ni mazungumzo ya amani. Fimbo zake tatu zilipelekwa Uingereza, zikarudi mwaka 2006. Miaka mia moja na mmoja. Nilifikiria pia mafaili ya serikali ya kikoloni yaliyosafirishwa kabla ya uhuru, ambayo kuwapo kwake Hanslope Park, Uingereza, kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Ndiyo maana nakala ya Kibos inakaa Kibos.

Mursik, maziwa ya mgando, kibuyu kidogo, 150. Eldoret hadi Nakuru, 600, nililala njia nzima.

Tangu nirudi

Kila picha sasa iko katika bahasha yake ya karatasi, si ya plastiki, ndani ya boksi lililo kabatini, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na mbali na mabati kwa ajili ya joto. Picha ndogo tumezipiga skani kwa nukta 600 kwa inchi, nyaraka kwa 300, tukahifadhi TIFF za kukaa na JPEG za kutuma. Gharama yangu yote ya safari, malazi na chakula ndani, ilikuwa shilingi 11,340.

Namba 27, ile ya garimoshi, ina majina tisa, moja kati yao likiwa na ubishi, na nafasi mbili tupu. Nilimtumia mzee wa Kibos nakala kubwa na flashi yake kwa kifurushi cha matatu, shilingi 250. Juzi usiku alinipigia. Alikuwa ameibandika ukutani, na mjukuu wake akamuuliza kwa nini wa mwisho kulia hana kofia. Hapo ndipo akakumbuka. Alikuwa mtu wa pampu ya maji, si wa garimoshi, na mjane wake bado yuko hai Muhoroni, nyuma ya soko.

"Njoo kabla ya mvua za Novemba," akaniambia. "Barabara ya huko huharibika."

Nauli nimeshaiweka kando. Safari hii mama anasema naye anakuja.